Miaka Yangu ya Kupiga Hodi kwa Wazee

Wadogo zangu wa ofisini, siku mliponiaga mlilalamika kwamba hotuba yangu ilikuwa fupi mno. Ilikuwa fupi kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na mgeni rasmi alikuwa amekwisha kuutumia muda wangu wote. Mkaniomba niwaandikie. Sasa nafasi ninayo. Nimekaa nyumbani kwangu Iyunga, baridi ya asubuhi imenivalisha sweta mbili, na hakuna mtu anayenisubiri mlangoni kuniambia kwamba gari halina mafuta.

Nilipandishwa cheo lini na nikahamishwa kwa nini, hayo yapo kwenye faili langu na hayana ladha. Nitawaandikia habari za watu.

Mimi nilikuwa afisa ustawi wa jamii. Kazi yetu mnaijua: watoto waliotelekezwa, ndoa zilizovunjika, wagonjwa wasio na ndugu. Lakini tangu mwanzo mafaili ya wazee yaliishia mezani kwangu, na wenzangu hawakuyagombania. Faili la mzee halina mbwembwe. Mara nyingi mzee mwenyewe hajalalamika. Aliyelalamika ni jirani. Ukifika, mzee anakuambia kila kitu kipo sawa, kwa sababu anayemtesa ni mtoto aliyemzaa na hataki aonekane mbaya mbele ya mgeni.

Nilianzia Iringa. Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino nilivyonunua kwa ajili ya siku hiyo, na ilikuwa masika. Mkuu wangu alikuwa Mzee Mwakalinga, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekaa Iringa muda mrefu mpaka Kihehe chake kikawa kizuri kuliko changu, na mimi nimezaliwa nacho. Akaitazama miguu yangu, akafungua kabati, akatoa mabuti ya mpira yaliyonizidi.

"Chukua haya," alisema. "Leo tunapanda mlimani."

Tulikwenda kwa mjane mmoja aliyeishi na mwanawe. Taarifa ilisema analazwa jikoni. Jiko lilikuwa banda la nje, limeezekwa bati lenye matundu, na chumba alichokuwa analala zamani ndani ya nyumba kubwa kilikuwa kimepangishwa. Mwanawe alitupokea mlangoni, akatukaribisha sebuleni. Mzee Mwakalinga akamshukuru, akampita, akaenda moja kwa moja hadi jikoni. Akachuchumaa mbele ya yule mama, akaanza salamu. Wale wanaojua salamu za kwetu wanaelewa kwamba hazina haraka. Alimuuliza habari za mvua, za mahindi, za magoti. Mwana alisimama nyuma yetu, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Mzee," akasema mwishowe, "mwenye nyumba hapa ni mimi. Maswali niulize mimi."

Mzee Mwakalinga hakugeuka. "Nyumba ilijengwa na nani?"

"Na marehemu baba."

"Peke yake?"

Mama ndiye aliyejibu, taratibu, macho yakiwa kwenye majivu. "Maji ya kufyatulia matofali niliyachota mimi. Na huyu nilikuwa nimembeba mgongoni."

Mzee Mwakalinga akaeleza pale pale, bila kupaza sauti, kwamba jasho la mke lipo ndani ya mali ya ndoa, na mume akifa jasho hilo halifi naye. Alieleza pia jambo hili likifika mahakama ya mwanzo litakuwaje. Kabla mwana hajapata la kusema, mpangaji alitoka chumbani. Alikuwa mwalimu kijana. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Mimi sikuambiwa kwamba hiki chumba kina mwenyewe," alisema. Akaingia jikoni, akakibeba kitanda cha bibi yule mabegani, akakiingiza ndani. Jioni hiyo alihamia kwa rafiki yake. Nimefanya kazi na watu wengi, wakiwemo waheshimiwa, lakini yule mwalimu namkumbuka kuliko wengi wao.

Tulipokuwa tunashuka mlima Mzee Mwakalinga aliniambia maneno niliyoyashika mpaka nilipokabidhi ofisi. "Ukifika kwa mzee, tafuta mambo matatu. Analala wapi. Anakula nini. Na watu wakitaka kuamua jambo linalomhusu, nani anamuuliza yeye. Vifungu vya sheria utavikuta kabatini ukirudi."

Nami nawaambia, vifungu navyo mvisome. Sheria moja ya wazee peke yao sikuwahi kuishika mkononi miaka yote ya kazi yangu. Tulikuwa na sera, nzuri, iliyoandikwa vizuri, ambayo katika ofisi nyingi nilizopita ilikuwa imekaliwa na kopo la chai. Kwa hiyo ulinzi wa mzee unauokota huku na kule: kidogo kwenye sheria za ardhi, kidogo kwenye ndoa, kidogo kwenye makosa ya jinai, kidogo kwenye miongozo ya matibabu. Ni kama kushona shuka la viraka. Shuka la viraka linatia joto, ilimradi mshonaji asichoke.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Mabuti, ambayo sikuwahi kuyarudisha. Tochi, kwa kuwa chumba anachopewa mzee mara nyingi hakina dirisha. Kanga ya kukalia chini. Na miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali, niliyokuwa nainunua mwenyewe sokoni. Mzee akiletewa karatasi aweke dole gumba, kwanza namjaribisha miwani. Mngeshangaa ni wangapi wanaojua kusoma vizuri kabisa, ila kwa miaka hakuna aliyewauliza kama wanaona.

Kutoka Iringa nilihamishiwa Chunya, nikapangiwa Makongolosi, mji wa dhahabu. Nilidhani kule sitakutana na wazee, maana ni mji wa vijana. Nikawakuta, na hali yao ilikuwa ya peke yake. Ni watu waliokwenda machimboni wakiwa na nguvu, wakaendelea kuisubiri dhahabu mpaka nguvu zikaisha. Kwao wanaona aibu kurudi mikono mitupu. Mmoja alikuwa Mzee Shija, Msukuma aliyechimba huko tangu ujana. Kifua kilikuwa kimejaa vumbi, anakohoa mpaka anashika ukuta. Alistahili kutibiwa bure kwa umri wake, lakini hakuwa na kitambulisho cha msamaha, wala mtu wa mtaa aliyeweza kuthibitisha umri wake. Kila mtu alimkuta hapo tayari mzee.

Aliyemsaidia alikuwa Mama Zawadi, mama lishe aliyekuwa anampa uji kila asubuhi. Nilimwambia nahitaji mtu aliyemjua zamani. Akafunga genge lake, jambo ambalo mama lishe halifanyi hivi hivi, tukazunguka naye kwenye mashimo ya zamani tukiuliza. Tukampata fundi baiskeli, mtu mzima sana, aliyekuja Makongolosi msafara mmoja na Shija. Walikuwa hawajaongea kwa miaka kwa sababu ya ugomvi ambao hakuna kati yao aliyekumbuka vizuri ulianzaje. Fundi alifika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akamwangalia Mzee Shija, akasema, "Huyu ni mkubwa wangu. Tulipokuja hapa yeye ndiye aliyekuwa na ndevu."

Kitambulisho kikatoka. Mzee Shija alitibiwa, akapata nafuu. Walirudi kuongea, wakaanza kugombana upya, na Mama Zawadi akawa anawapa uji kwenye meza tofauti. Pale nilielewa kwamba haki ya mzee, hata ikiwa imeandikwa, inahitaji mtu wa kusimama pembeni yake aseme namjua huyu. Wakati mwingine mtu huyo tulikuwa sisi. Mara nyingi alikuwa mtu kama Mama Zawadi, na kazi yetu ilikuwa kumtafuta.

Sasa niwaambie habari za Mzee Kikoti. Wachache wenu mnaijua nusu yake, kwa sababu nusu nyingine niliombwa niifiche, na sasa wenyewe wameniruhusu.

Nilikuwa nimekwisha kuhamia Mbeya mjini. Jirani mmoja wa mtaa wa Soweto, hapo mjini, alipiga simu ofisini akasema kuna mzee amefungiwa ndani ya nyumba, anaita watu dirishani. Nilikwenda. Nyumba ilikuwa safi, ua umefagiwa, maua yamemwagiliwa. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikapiga hodi, mkono mmoja ukashika nondo za dirisha.

"Nani?"

Kwa lafudhi yake nikajua ni mtu wa kwetu. "Kamwene, baba," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Kumbe ni nyalukolo, ndugu wa nyumbani! Sogea nikuone."

Tuliongea hapo hapo, yeye ndani, mimi nje. Aliitwa Augustino Kikoti, mkulima wa kijiji kimoja upande wa Mafinga. Mkewe alikuwa amefariki. Nyumba hii ilikuwa ya binti yake, Skolastika, anayeuza vitenge sokoni. Nilipotaka kuandika akaninyooshea kidole kupitia nondo.

"Andika hivi kwanza. Nakula vizuri. Nalala pazuri. Ananiogesha maji ya moto. Msije mkamwonea mwanangu. Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Haya. Sasa andika kwamba nataka kutoka, na sifunguliwi."

Nilimsubiri Skolastika barazani. Alirudi mchana na chakula cha baba yake kwenye hotipoti. Aliponiona na kitambulisho changu, uso ukabadilika.

"Kwa hiyo nimeshtakiwa," alisema. "Kwa kumtunza baba yangu."

"Hujashtakiwa, Skola. Nimekuja kuuliza."

"Uliza basi, dada. Uliza nani alimwokota." Akaketi kwenye ngazi, hotipoti magotini, akanieleza. Baba yake aliteleza kwenye mianzi akiwa amebeba ulanzi, ile pombe ya mianzi, nyonga ikavunjika. Kaka yake Skola, Fidelis, anayeishi kijijini na baba, alikuwa porini anapasua mbao. Mzee alilala pale chini mpaka jirani akamkuta. Skola alikwenda kumchukua, akamuuguza, nyonga ikaunga, akaanza kutembea kwa fimbo. Na alipoanza kutembea akaanza kutoroka. Mara ya mwisho alifika barabara kuu, akawa anasimamisha kila basi linaloelekea Iringa, akavuka bila kuangalia, na lori likafunga breki mbele yake.

"Dereva alishuka akanitukana mimi," Skola alisema. "Mimi! Ndiyo nikanunua kufuli. Sasa wewe niambie nifanye nini, niache kuuza nikae nimshike mkono?"

Nilimwambia ukweli, kwa sababu alistahili ukweli. Kumfungia mtu mzima mwenye akili zake ni kosa la jinai, hata kama mtu huyo ni baba yako, na hata kama unafanya hivyo kwa sababu unampenda.

Akasimama. "Basi nipeleke polisi. Kesho asubuhi atamwogesha nani? Wewe?"

Wadogo zangu, hapa ndipo kazi yetu inapokuwa kazi. Nilikuwa na sheria, na sheria ilikuwa wazi. Lakini mbele yangu hakukuwa na mwovu. Kulikuwa na binti aliyechoka na baba asiyetaka kukaa. Ningempeleka polisi, mzee angekuwa huru bila mtu wa kumshikia fimbo. Ningeondoka nikamwacha na kufuli lake, ningekuwa nimesema kwamba mzee akipendwa anapoteza haki ya kutoka nje.

Tulianza na lililo rahisi. Yule jirani aliyepiga simu, nikamfuata nikamwambia kwamba kwa kuwa anajali, awe anakaa na mzee mchana. Akakubali, japo nadhani alitamani angekuwa amenyamaza. Kufuli likatoka siku hiyo hiyo. Kisha nikampeleka mzee kwa daktari apimwe mifupa na akili, ili asije mtu akasema amechanganyikiwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimuuliza leo ni siku gani, rais ni nani, ana watoto wangapi. Mzee akajibu yote, kisha naye akauliza.

"Daktari, kwenu wapi?"

"Bukoba, mzee."

"Mara ya mwisho umeenda lini?"

Daktari akacheka, akafikiri, akaacha kucheka. Akaandika kwamba akili ya mzee ni timamu kabisa.

Baadaye nilikaa na Mzee Kikoti peke yetu, Skola akiwa sokoni. Nikamuuliza kwa nini anataka kwenda nyumbani kiasi cha kutaka kugongwa. Akaniambia habari za ulanzi, kwamba mianzi isipokatwa vizuri masika yote inapotea. Akaniambia habari za parokia yake. Nilisikiliza, lakini niliona anaongea huku ananipima.

"Baba," nikamwambia, "mtu havuki barabara kuu kwa sababu ya ulanzi."

Alichungulia dirishani. Kisha akaniomba nifunge mlango.

"Nataka kugawa shamba," alisema. "Nikiwa hai, kwa mdomo wangu, mbele ya ukoo na mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nataka nimpe Skola. Nikifa bila kusema, hawatampa kitu. Mama yake alipofariki walimwambia pale pale msibani kwamba binti hana shamba. Na huyo mume wake mwenyewe aliondoka zamani."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Skola? Kwa hasira alisema siku ile mbele ya watu kwamba hataki hata udongo wa kule. Nikimwambia atakataa, atasema baba kaa, pumzika. Na Fidelis akisikia kwa simu, ataelewa vibaya. Nataka nisimame pale penyewe. Usimwambie mtu, mwanangu."

Sikumwambia mtu. Siri ya mzee ni mali yake kama shamba lake. Kwa hiyo ilinibidi nimshawishi Skola ampeleke baba yake nyumbani bila kumwambia sababu, na ilikuwa kazi ngumu. Nilimpigia simu Fidelis kwanza. Nilitegemea kukuta mtu mkorofi. Nikasikia sauti ya mtu aliyeumia.

"Nyumba ipo, mama," alisema. "Chumba chake nakifagia. Lakini Skola alipomchukua hakuniaga. Huku watu wanasema nilimwacha mzee afe. Nilikuwa porini natafuta, sikuwa kwenye pombe."

Nilimpa Skola maneno hayo kama yalivyo. Alikataa. Akakubali. Akakataa tena. Mwishowe akasema, "Aende akasalimie, halafu arudi. Na mimi naenda naye. Simwachii Fidelis."

Usafiri ulipatikana kwa njia ambayo bado inanichekesha. Gari la ofisi lilikuwa linakwenda Iringa kwenye semina ya haki za wazee. Nikaomba tumchukue mzee. Mkuu wangu akakuna kichwa, akasema hakuna mwongozo unaokataza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza semina ile kubeba mzee.

Mzee Kikoti alikaa mbele. Tulipoikaribia Mafinga na miti ya mbao ikaanza kusimama pande zote mbili, akafungua kioo, baridi ikaingia, na hakuna aliyethubutu kumwambia afunge. Fidelis alitupokea njia panda. Alimwamkia baba yake akiwa amepiga goti kwenye vumbi. Dada yake akamsalimia kwa kichwa tu.

Niliwaacha, nikaenda semina, nikanywa chai, nikasikiliza haki za wazee. Siku ya kurudi nilipitia kijijini, kwa sababu mzee alikuwa ameniomba niwepo. Nilikuta ukoo umekaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba, mwenyekiti wa kijiji na katekista wakiwa wamekalia viti. Skola alikuwa upande wa jikoni na wanawake. Alinijia akiwa na wasiwasi.

"Dada, kuna nini? Baba ameita watu, haniambii."

"Nenda ukakae karibu naye," nikamjibu.

Mzee alisimama kwa fimbo yake. Hakuzungusha maneno. "Nimewaita kwa sababu ya shamba. Nyumba hii na shamba la bondeni ni vya Fidelis. Kuanzia pale njia inapokuwa nyembamba mpaka kwenye mianzi, na mianzi yenyewe, ni vya Skolastika."

Kisha baba yao mdogo, mdogo wake mzee, akainuka. "Kaka, binti ana mji wake Mbeya. Shamba la ukoo litaenda kwa watu baki."

"Mimi nimekufa?" Mzee Kikoti akamuuliza.

"Hapana, kaka."

"Basi kaa kidogo. Mwenye shamba anaongea."

Mwenyekiti akanigeukia, akaniomba niseme sheria inavyosema. Nikasimama. Nikasema kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume, na mila inayomnyima haina nguvu mbele ya sheria. Nikasema mwenye shamba akiwa hai na akili zake, anaweza kumgawia mtoto wake yeyote, na halmashauri ya kijiji ikalipitisha. Nikasema pia kwamba daktari amempima mzee. Sijawahi kutoa hotuba iliyokuwa na faida kubwa hivyo kwa maneno machache hivyo, na hakukuwa na mgeni rasmi.

Wote wakawa wanamtazama Fidelis. Alikuwa ameinama, anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Baba," akasema, "mimi nimekukosea?"

"Hujanikosea. Ulikuwa kazini. Lakini nataka nyinyi wawili muwe na mpaka mmoja, kila mmoja awe na sababu ya kuja upande wa mwenzake. Nikiondoka bila hivi, huyu hatarudi hapa tena, na wewe utabaki peke yako."

Fidelis aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nikadhani ameondoka kwa hasira, na wengine walidhani hivyo, maana katekista alianza kuinuka amfuate. Alirudi na jembe begani na miche ya miti ya mpaka mkononi. Akaenda mpaka pale njia inapokuwa nyembamba, akaanza kuchimba shimo. Alipomaliza akasimama, akamtazama dada yake.

"Skola, njoo ushike mche. Siwezi kushika na kufukia peke yangu."

Skola alikwenda. Alikuwa amevaa viatu vizuri vya mjini, akaingia navyo kwenye udongo. Alishika, kaka yake akafukia. Wakaenda kwenye shimo la pili. Hawakuongea mpaka wakafika karibu na mianzi, na kutoka pale tulipokuwa tumekaa tukaona Fidelis amesema kitu na Skola amempiga begani. Mzee Kikoti akaketi. Akaomba ulanzi.

Mzee alibaki kijijini, kwa hiari yake. Tulirudi Mbeya bila yeye. Tulipopita Makambako Skola akaanza kulia, kilio cha mtu mzima asiyejali nani anamsikia. Dereva akapunguza redio.

"Dada," akaniambia, "mimi nilidhani ananikimbia. Kila akitoroka nilikuwa nasema, baba hanipendi, anamtaka Fidelis. Kumbe alikuwa anakwenda kunitafutia mimi mahali."

Nilimpa kanga yangu ya kukalia ajifute, na hakunirudishia mpaka leo.

Halmashauri ya kijiji ililipitisha gawio lile. Baada ya mavuno Mzee Kikoti alimpigia Skola simu akasema aje amchukue, anataka kuona wajukuu. Skola akamuuliza atakaa muda gani. Akajibu, "Nitakuambia nikichoka." Tangu hapo anakuja na kuondoka anavyotaka. Skola ananiambia baba yake sasa ana ratiba kama mbunge.

Mnanishukuru kwa kuwafundisha, na mimi nashukuru zaidi. Nimelipwa kwa kuingia kwenye nyumba za watu na kusikiliza wale ambao kila mtu alikuwa ameacha kuwasikiliza. Sijui kazi nyingine ambayo ingenikalisha chini mbele ya wazee wengi hivyo. Mzee Mwakalinga alikwisha kufariki, na ningependa angesoma haya, ingawa najua angenisahihisha Kihehe changu.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni kununua kitambaa. Nilimkuta Mzee Kikoti kwenye benchi la binti yake, amevaa koti, anawaita wateja kwa Kihehe na wengine wanasimama kwa mshangao. Akaniona. Hakuniita afisa. Akasogea kwenye benchi, akapangusa mahali pembeni yake kwa kiganja. Nilikuwa na mboga mkononi na nyumbani palikuwa pananisubiri, lakini nikakaa, na tukaanza salamu tangu mwanzo.